Hodi ya Adhuhuri

Ochola alikuwa jirani yangu hapa Kibarani, mwanajeshi mpole, mume wa Idah na baba wa binti mmoja, Trizah. Mwaka juzi alipelekwa ng'ambo ya mpaka. Maisha ya kambini, alivyotusimulia kwa simu, yalikuwa vumbi, maharagwe na kujaza viroba vya mchanga. Siku inapita, unachoka, unalala.

Kisha akaanza kuitwa.

Adhuhuri moja, jua la utosi, alikuwa lindoni na mwenzake Salman, mzaliwa wa visiwa vya kaskazini. Kutoka vichakani, nje ya seng'enge, ikaja sauti ya Idah: "Baba Trizah!"

Ochola akafungua kinywa. Salman akamziba kwa kiganja.

"Usiitike, ndugu yangu. Hata mimi naisikia."

Jioni akampigia mkewe. Idah hakucheka. Alinong'ona: "Na huku kila adhuhuri mtu anabisha hodi. Sauti ni yako. Nikifungua, hakuna mtu."

"Usimkaribishe. Haki ya Mungu, usimkaribishe."

Tangu hapo Idah hakutulia. Mchuzi uliungua jikoni. Alimkalipia mtoto bila sababu. Adhuhuri ikikaribia, alikuja kuketi kibarazani kwangu, macho kwenye mlango wake.

Ijumaa moja hakuja. Alikuwa uani kwake akifua, povu limemwingia machoni. Nikasikia hodi kwa masikio yangu. Nikainuka kumwonya. Idah, kwa mazoea tu, akaitika.

"Karibu!"

Kuku wakaacha kuparura.

Wakati huo huo, Salman alitueleza baadaye, Ochola aliweka bunduki chini. Akaruka viroba. Akapita seng'enge, akielekea penye mabomu ya ardhini.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimekaribishwa."

Salman alimrukia, akamwangusha, akamburura hadi ndani. Ochola akafumbua kinywa apige kelele. Sauti haikutoka.

Alirudishwa mzima. Madaktari hawakuona kasoro yoyote kooni, lakini hajasema neno mpaka leo. Siku aliyofika aligonga mlango kwa vidole. Idah alimtazama usoni kwa muda mrefu kabla ya kumpisha. Binti yao akajificha nyuma ya leso niliyojifunga kiunoni.

"Baba yuko chumbani," Trizah alininong'oneza, Ochola akiwa bado mlangoni. "Anaongea."

Walihama siku ile ile. Mimi niliwasaidia kutoa kitanda. Chini yake palikuwa na nyayo mbili za buti, zimezama ndani ya saruji iliyokauka kabla Trizah hajazaliwa. Niliingiza kidole katika mojawapo.

Palikuwa na joto.