Vazi Jeupe Namba Kumi na Moja

Kila Ijumaa, watoto sita wa darasa la tano walirudi nyumbani na mifuko ya kitambaa mikononi. Ndani ya kila mfuko mlikuwa na vazi jeupe na kofia, vile walivyovaa wiki nzima kuwapakulia wenzao chakula cha mchana. Nyumbani vilifuliwa, vikapigwa pasi, na Jumatatu asubuhi vikatundikwa kwenye kulabu karibu na mlango wa darasa, vikisubiri watoto wa zamu mpya.

Bipana alikuwa amekuja mjini Kiryu, Japani, kutoka Nepali mwezi wa nne, na wiki moja ikawadia zamu yake ya kwanza. Vazi lake lilikuwa namba kumi na moja. Jumapili mama yake, mpishi wa mkahawa wa kari karibu na stesheni, alilitia kwenye mashine pamoja na aproni zake za kazini. Lilitoka la njano kama kiini cha yai.

"Manjano hii haina adabu," mama alisema akilikung'uta. "Mwambie mwalimu, nitanunua jingine."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Tangu siku za mwanzo, msichana mmoja mwenye sauti kubwa, Kashiwagi, alikuwa akifungua dirisha kila Bipana alipopita. "Kuna harufu ya kari," alikuwa akisema, na wengine wakaziba pua. Ilichukua miezi mitatu maneno hayo kutulia. Sasa yeye Bipana aingie darasani na vazi la njano? Alilisukuma nyuma ya kabati la nguo, akaenda shule mikono mitupu.

Katika darasa zima, aliyemjali tangu mwanzo alikuwa Mizoguchi tu, mvulana msahaulifu aliyeketi ubavuni pake. Yeye ndiye aliyemfundisha Kijapani kwa vitendawili wakati wa kula.

"Kitendawili. Naingia chumbani kwako kila asubuhi na sivui viatu."

"Paka?"

"Paka ana viatu? Fikiri."

"Basi nimeshindwa."

"Jua, wewe."

Jumatatu hiyo zamu ya kuvaa namba kumi na moja ilikuwa ya Mizoguchi. Saa ya chakula ilipofika, wenzake watano walisimama weupe pepepe. Yeye alikuwa bado na sweta lake.

"Mizoguchi, vipi?" aliuliza Mwalimu Hosokawa.

"Vazi halipo, Mwalimu. Kulabu iko tupu."

Mwalimu alimgeukia Bipana. "Ulilirudisha?"

Bipana aliitikia haraka. "Ndiyo, Mwalimu. Nimelitundika asubuhi."

"Huyu si ndiye aliyekuja na viatu viwili vya mguu wa kushoto?" Kashiwagi alisema, akimwonyesha Mizoguchi kwa kidole. "Vazi ataliona wapi?" Darasa likacheka, na Mizoguchi naye akacheka kidogo, akadhani mambo yataishia hapo.

Bila vazi jeupe, hakuna kugusa chakula. Watoto watano wakafanya kazi ya watu sita. Supu ilichelewa, mapumziko yakaliwa, na uwanja wa mpira ukachukuliwa na darasa jirani. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Kicheko kikageuka kuwa manung'uniko.

"Umelitia wapi, we Mizoguchi?"

"Sijaliona hata kidogo."

"Kila kitu hujakiona."

Nyumbani mama aliuliza, "Ulimwambia mwalimu?" Bipana akajibu, "Nilimwambia. Amesema si kitu." Huo ulikuwa uongo wa pili, nao ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Alhamisi, katika kikao cha kufunga siku, Mizoguchi alisimama. "Vazi nimelipoteza mimi," alisema. "Nimewasumbua. Naomba radhi." Akainama mpaka paji la uso likakaribia meza.

Bipana alishusha pumzi. Kwao, mtu akisingiziwa hupiga kelele mpaka majirani watoke nje. Huyu amekubali mwenyewe, basi yameisha. Hakujua bado kwamba hapa mtu anaweza kuinamisha kichwa kwa kosa lisilo lake, ili tu wenzake waende nyumbani.

Hayakuisha. Wiki iliyofuata, watoto walipounganisha meza zao kwa ajili ya chakula, waliiacha ya Mizoguchi upana wa kiganja mbali na zao. Pengo dogo, mwalimu hata hakuliona. Aliyekaa ndani yake aliliona.

"Nitegee kitendawili," Bipana alimnong'oneza.

"Sina," alisema Mizoguchi, akaendelea kutafuna wali wake bila kumtazama.

Bipana aliuacha wali wake nusu. Kesho yake, katika kikao, alisimama kabla hajaitwa, akatoa vazi la njano mkobani.

"Lilikuwa kwangu. Sikulitundika. Niliogopa mtasema nanuka kari." Akalikunjua wote walione. "Mizoguchi hakulipoteza."

Mkono wa Kashiwagi ulipanda kuelekea puani, ukasita, ukashuka.

"Na mimi niliuliza swali moja nikaridhika," alisema Mwalimu Hosokawa taratibu. Alikwenda mwenyewe akaisukuma meza ya Mizoguchi hadi ikagusana na za wenzake. Mizoguchi alitazama chini muda wote.

Jioni hiyo Bipana na mama yake, wakiwa na boksi la vitamutamu, walibisha hodi nyumbani kwa Mizoguchi. Bibi yake alifungua. Bipana alieleza yote bila kuficha, akainama. Bibi hakulipokea boksi. Alikaa polepole kwenye ngazi ndogo ya mlangoni, panapovuliwa viatu.

"Jumatano ile nilipekua nyumba nzima," alisema. "Aliniambia mara tatu, Bibi, sijaliona. Nikamwambia, acha ubishi, kesho simama uombe radhi. Ni mimi niliyempeleka." Akaita, "Njoo, una wageni."

"Nina hesabu za kumaliza," ilijibu sauti kutoka ndani. Mlango wa chumba ukasikika ukifungwa.

Bipana alianza kulia.

"Usimlaumu," bibi alisema. "Vazi lilipochafuka lilikuwa la kufuliwa tu, na vazi jingine litanunuliwa. Uliponyamaza, mjukuu wangu alisema kweli na hata nyumbani kwake hakuaminiwa. Hilo halina sabuni. Siku nyingine ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado lako peke yako. Ukilichelewesha, litamtafuta mwingine wa kulibeba."

Alijiinua kwa kushika ukuta.

"Sasa nendeni. Na mimi nina radhi ya kuomba humu ndani, na sijui kama atanifungulia."