Mmiliki wa Kompyuta ya Chumbani

Kompyuta ilimkaribisha mtu ambaye hakuwemo chumbani. Iliandika "Karibu", ikaacha nafasi ya jina, kisha ikaendelea na kazi.

Mume hakushangaa. Nafasi hiyo aliiacha mwenyewe. Mfumo ulipouliza jina la mmiliki, alibonyeza kitufe cha nafasi mara moja akasonga mbele.

"Jina langu wanalitakia nini?" alimwambia mkewe. "Mambo haya huyajui wewe."

Majirani walimwita Profesa, naye alidhani ni sifa. Hakuna pasi, feni wala redio iliyoingia mikononi mwake ikatoka nzima. Kompyuta ilikuwa ya mkewe, mpiga chapa aliyesikiliza mahojiano ya watafiti na kuyaandika. Kazi ya miezi mitatu ilikuwa humo, na ilitakiwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Asipoituma, mkataba umekufa, na mkataba huo ndio uliowalisha wote wawili.

Mke alikuwa amenunua mfumo mpya wenye leseni halali, namba zake zimechapwa kwenye kadi. Profesa aliiita kadi ya wajinga. Akaleta fleshi yenye mfumo wa bure kutoka kwa rafiki yake. Fleshi ilimtaka azime ulinzi, akazima. Ikamletea masharti ya kurasa arobaini, akabonyeza "Nakubali" kabla ukurasa wa kwanza haujafunguka wote.

Jumatano asubuhi chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Kiti cha kompyuta kilikuwa na joto na mto wake umebonyea. Mke alipogusa kibodi, skrini iliandika: Huna ruhusa. Muulize mmiliki.

"Mmiliki si wewe?" alimuuliza mumewe.

"Hitilafu ndogo tu. Acha papara."

Alhamisi mchana vitufe vilianza kubonyea vyenyewe, polepole, kama vya mtu anayejifunza kuandika, na mke aliyekuwa amesimama katikati ya chumba akauona mto wa kiti ukishuka na kupanda, ukishuka na kupanda, kwa mwendo wa kifua cha mtu aliyelala, harufu ya majivu ikamjia usoni na joto la pumzi, na alipogeuka akimbie mlango ulikuwa umeshajifunga, na kitu kikamnong'oneza sikioni, kwa adabu kabisa: "Wewe ni nani humu?"

Alipiga kelele mpaka mlango ukaachia. Alimkuta Profesa amejificha chini ya kitanda cha chumba cha pili. Profesa alisema alikuwa akitafuta waya.

Ijumaa saa nne mke alimleta mganga, mama wa makamo mwenye miwani. Mganga hakuchoma kitu wala hakunyunyiza kitu. Alisoma skrini.

"Mimi hufukuza wavamizi," alinong'ona. "Huyu si mvamizi, mwanangu. Mmemwandikisha."

"Nani kamwandikisha?"

Mganga alimtazama Profesa.

Dawa ilikuwa moja: kuingiza namba za leseni halali, kisha kuandika jina la mtu aliye hai mahali palipoachwa wazi. "Na msome kila neno," mganga alionya. "Ataondoka kwa masharti."

Mke aliinama akachapa namba kutoka kwenye kadi. Pumzi chumbani ikasita. Skrini ikauliza jina la mmiliki. Alikuwa ameandika herufi mbili aliposukumwa bega.

"Mwenye nyumba nani hapa?" Profesa alikaa kitini, akafuta, akaandika majina yake yote matatu. Maandishi mapya yakajaa skrini.

"Soma kwanza, mume wangu!"

"Nani husoma haya?" Akabonyeza "Nakubali".

Mke aliuwahi mstari wa mwisho ukififia: Mkaaji wa awali atahamishiwa kwa mmiliki mpya.

Harufu ya majivu iliondoka kitini. Sasa ilitoka mdomoni mwa Profesa. Alikaa wima, mikono magotini.

"Nimtoe sasa hivi," mganga alisema. "Zikipita dakika kumi, hatoki tena."

Mke alitazama saa. Ilikuwa saa tano na nusu. Alitazama skrini: mafaili yote yalikuwepo.

"Nipishe nikae," alimwambia mumewe.

Profesa akainuka, akampisha. Katika miaka minane ya ndoa hakuwahi kumpisha.

Mke alituma kazi saa sita kasoro dakika nne. Mganga alikuwa ameshaondoka. Ndipo alipogeuka.

"Na mume wangu mwenyewe je? Bado yumo humo ndani?"

"Yumo, mama," kilijibu kilichosimama nyuma yake, kwa adabu ileile. "Anabonyeza kila anachokiona."