Pipa Kwenye Kona ya Saluni

Tukubaliane mapema: siku ile mjinga alikuwa Habibu, na hakusaidiwa na mtu. Aliingia saa mbili asubuhi kwenye jengo la mjomba wake pale mtaa wa Kikuyu, wateja wanapishana mlangoni, redio ya duka la vitenge inapiga kelele, akakuta sakafu ya ukumbi imejaa alama za chaki. Akachukua ndoo na tambara la deki. Saa tatu sakafu inang'aa kama sinia la harusi.

"Nani amefuta?"

Akageuka. Binti wa dera la kijani, juu yake kizibao cha kazi kinachometa, mtandio rangi ya zafarani, na miguuni buti zito lenye vumbi jekundu. Mkononi chai ya maziwa, machoni moto.

"Mimi, dada. Watoto wa siku hizi hawana adabu."

"Mtoto mwenyewe ndiye mimi. Nimechora tangu alfajiri. Kwenye kila alama nilitaka nipime sakafu imetitia kiasi gani."

Habibu akaitazama ndoo. Haikumsaidia. "Basi niadhibu."

"Utanishikia fimbo ya vipimo mpaka jioni, fundi deki."

Akashika. Jina la binti ni Batuli, mtaalamu wa maabara ya udongo, Mrangi wa Kondoa kama yeye. Aliitwa na wapangaji waliochoshwa na nyufa. Kila Jumatatu, kwa miezi miwili, alirudi na mashine yake ya leveli, ya kupimia usawa wa sakafu, na kila Jumatatu Habibu alikuwepo, shati limepigwa pasi kama anakwenda Idi.

"Usitabasamu, fimbo inatikisika."

"Fimbo imetulia. Anayetikisika ni mshikaji."

Jioni zikawa za simu.

"Umekula?"

"Ugali na mlenda."

"Bila mimi, laazizi?"

"Mlenda haumsubiri mtu, Habibu. Wewe ndiye wa kusubiri."

Wakaanza kuzungumzia posa. Huku nyuma kona ya saluni ya Sikudhani, msusi aliyepanga humo, inashuka: milimita tatu, tano, tisa.

"Jumatatu naleta rada," Batuli akasema. "Kitoroli tu, nakisukuma juu ya sakafu, chenyewe kinatuma mawimbi chini. Kama zege limeachana na ardhi, kitaniambia."

Habibu hakulala vizuri, maana yeye hakuhitaji rada. Miaka sita nyuma alikuwa msimamizi wa ujenzi ule. Pale penye saluni palikuwa na shimo refu la choo cha zamani. Mvua zilikuwa zinakaribia, mjomba akasema tupeni kifusi, mimineni jamvi la zege juu yake. Wakatupa. Hakuna aliyeshindilia.

Mjomba mwenyewe, Mzee Shaaban, ndiye aliyemtoa Kondoa akiwa yatima na kumfanya mtu. Alipoambiwa habari za rada alizungusha tasbihi taratibu. "Ukifungua mdomo, jina langu limekwisha mji huu. Na posa yako nani atapeleka? Baba unaye?"

Habibu hakuwa naye. Jumapili akalisukuma pipa la maji la Sikudhani mpaka kwenye ile kona, akalijaza pomoni. Kitoroli kisingepita hapo.

Jumatatu Batuli alizunguka saluni nzima, akakwama kwenye pipa.

"Hili lilikuwa hapa?"

"Tangu zamani."

"Nani alijenga hapa?"

"Mafundi wa Morogoro. Walishaondoka."

Sikudhani, vidole vimo kwenye nywele za mteja, akacheka. "He! Habibu, si wewe ulikuwa msimamizi? Na pipa umelisogeza jana, mgongo ukakuuma!"

Batuli akazima mashine, akaondoka. Jioni ndiyo akapiga simu.

"Chini ya pipa kuna nini?"

Mjomba alikuwa amekaa mbele ya Habibu, tasbihi imesimama.

"Habibu, nimekuuliza."

"Hamna kitu."

"Kumbe ulinishikia fimbo ili uchungulie vipimo."

"Hapana, Batuli! Ile deki ilikuwa ujinga wangu halali!"

"Wiki ijayo atakuja mwenzangu. Mimi usinipigie."

Asubuhi iliyofuata Sikudhani alikuwa anapiga ngumi mlango kwa ndani. Sakafu ilikuwa imeshuka tena, fremu imebana, mlango umegoma, na humo yumo na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Habibu akaleta mtaimbo. Alipoung'oa mlango aliona ufa umelizunguka pipa, kidole kinaingia. Uzito ule aliuweka yeye, kwa mikono yake.

Angeweza kusema mbao imevimba. Mjomba angemshukuru.

Akawatoa wanawake wale, akawatoa na wapangaji wote, akayavuta maji ya pipa kwa mpira mpaka barabarani. Akapanga viti vinane vya saluni kuzunguka ile kona, mtu asiikanyage. Kisha akapiga simu. Ikaita, ikakatwa. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Kuna shimo la choo," akasema haraka. "Nililijaza mimi, kifusi kitupu. Pipa niliweka mimi kukuzibia njia wewe."

"Wewe uko wapi?"

"Mlangoni."

"Usiingie tena humo. Nakuja."

Alikuja na kitoroli, uso umekaza. Akakipitisha nje ya viti, kwenye sakafu iliyokuwa bado salama, macho kwenye kioo cha mashine.

"Ukingo wa shimo huu hapa. Kuanzia hapo zege linaelea, Habibu. Ungeniambia."

"Ningekukosa."

"Na ulinikosa."

"Na sasa?"

Batuli akavuta pumzi ndefu. "Sasa shika waya, usinichanganye."

Hapo ndipo Mzee Shaaban alipotokea, kanzu nyeupe, bakora mkononi, watu wakampisha.

"Shikamoo, mzee," Batuli akasema.

"Marahaba. Habibu! Umenivua nguo mbele za watu kwa ajili ya mwanamke. Mjomba aliyekulea umemuuza, huyu utashindwaje kumuuza? Na wewe binti, unamwamini?"

"Kanidanganya, mzee, na nitamdai maisha yake yote. Lakini leo kasema."

"Basi ajioe mwenyewe! Posa nani atampelekea? Mimi siendi. Ana nani mwingine?"

Batuli akavuta kiti kimoja kati ya vile vinane, akaacha njia ya kuingia kwenye ile kona.

"Mzee wangu, kwetu posa ya Habibu tutaipokea kwa yeyote atakayesimama hapo katikati, juu ya shimo ulilolificha. Karibu, tangulia."