Waliposema "Mwenyeji Wake Asimame", Nilibaki Nimekaa

Nina miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Njombe, na huu ni mwaka wangu wa tisa Dubai. Ninasimamia wasafishaji katika jengo moja la ofisi pale Al Jaddaf, na ninalala mtaa wa Karama, chumba kimoja wanawake sita. Haya ninayoyaandika sijamwambia hata mama yangu mzazi. Naona aibu... lakini nimechoka kuibeba moyoni.

Kila Jumapili mchana, Watanzania na Wakenya wachache tunakutana kusali sebuleni kwa Mama Wanja, Mkenya aliyepanga fleti hapo hapo Karama. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa Maandiko. Kwa wiki saba mfululizo nilifundisha habari za mtume mmoja tu: Barnaba.

Nilimpenda Barnaba! Hakuwa mtu wa makeke. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yusufu; mitume wenyewe ndio waliompa hilo jingine, lenye maana ya mtu wa faraja, kwa jinsi walivyomwona anavyoishi na watu. Sauli, yule aliyekuwa akiwakamata waumini, alipobadilika na kwenda Yerusalemu, wote walimwogopa. Nani angemwamini? Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka mbele ya mitume na kumsemea. Baadaye, Sauli akiwa sasa ni Paulo, alikataa kusafiri tena na Marko kwa sababu aliwahi kuwaacha njiani. Barnaba alikubali kuachana na Paulo kuliko kumnyima Marko nafasi ya pili.

Nilikuwa nimeyapanga yote kwenye daftari, somo kwa somo. Mama Wanja akanitania, "Mwalimu, kwani huyu Barnaba wako haishi? Amekuwa tamthilia ya Kituruki!" Watu wakacheka, na tangu siku hiyo wakaniita Mama Barnaba. Nami nikavimba kichwa!

Katika wiki hizo hizo nikakutana na Skola.

Alikuwa akiosha vyombo kwenye mgahawa ninakokula. Nilimtambua kwa alama nyeusi chini ya jicho, kama alivyonisimulia Neema, mwenzangu wa chumbani. Skola ndiye aliyemtoa Neema Singida kwa ahadi ya kazi ya hoteli. Neema alipofika, akajikuta kadama, mtumishi wa ndani, kwenye nyumba ya ghorofa tatu, simu amenyang'anywa, mapumziko hana. Miaka miwili! Na wawili wengine katika kundi letu la sala walipitia mikononi mwake.

Nilimuuliza waziwazi. Hakukana.

"Ni mimi, dada," alisema. "Nilikuwa namkusanyia wakala wasichana. Nimeacha. Sura zao naziona mpaka kwenye masinia ninayoosha."

Sikumwamini siku hiyo. Nilimchunguza kwa wiki tano. Nilipougua homa, ni yeye aliyeniletea uji kila asubuhi kabla ya zamu yake. Wakala alipompigia simu mbele yangu, aliikata. Mwisho nikaamini.

Alitaka jambo moja tu: aje kwa Mama Wanja awaombe msamaha wale wanawake. "Nisipopata watu wa kuniita mwenzao, nitarudi kule," aliniambia. "Hapa Dubai, dada, anayenipigia simu ni wakala peke yake."

Nikamshika mkono. "Njoo Jumapili. Nitasimama na wewe."

Mnaosali mnaujua utaratibu. Mgeni anaombwa asimame, na mwenyeji wake anasimama naye kumtambulisha. Kitu cha dakika moja!

Jumapili akaja. Kitenge kipya, nywele amezisuka. Alikaa karibu na mlango, mimi nikiwa mbele na daftari langu. Ilikuwa siku ya somo la mwisho la Barnaba.

Mama Wanja akasema, "Tunamwona mgeni wetu pale nyuma. Karibu sana. Mwenyeji wake asimame."

Neema akageuka... akaruka kutoka kwenye kiti! "Skola! Nani kamleta huyu nyoka humu ndani?"

Chumba kizima kikachafuka. Wale wengine wawili wakaanza kulia. Nikajiambia, wakitulia nitasimama... ngoja kwanza watulie.

"Jamani, mwenyeji wake ni nani?" Mama Wanja akauliza tena. Kisha akanigeukia. "Mama Barnaba, wewe unamjua?"

Skola alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja tu.

"Namwonaga mgahawani," nikasema.

Akachukua mkoba wake. "Samahanini, nimekosea mlango," akasema, akatoka. Na mimi, ndugu zangu... nilifungua daftari na kufundisha! Saa nzima!

Kesho yake mgahawani hakuwepo. Simu yake haikupatikana tena.

Miezi miwili ikapita. Siku moja nilikuwa mtaa wa Al Baraha kwa shughuli zangu, nikamwona mbele ya jengo moja la zamani. Ameshika pasipoti nne mkononi. Nyuma yake wasichana wanne wamejipanga, mmoja amevaa sweta la nyumbani kwenye jua lile.

Msichana wa sweta alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, akafurahi. "Shikamoo dada! Eti hoteli yenyewe iko mbali?"

Hoteli!

"Achana naye," Skola akamwambia bila kunitazama. "Huyo hatumjui. Yalla, pandeni."

Wakapanda gari lililokuwa linawangoja. Mimi ninayeandika ripoti za zamu kila siku, hata namba ya gari sikuichukua!

Jumapili iliyofuata nilisimama nikasema yote. Neema ndiye aliyenijibu.

"Ungesimama siku ile," akasema, "ningewatukana wewe na yeye. Ningetoka nikalie kwenye ngazi. Halafu ningerudi, Mwalimu. Nilikuwa na maswali mengi ya kumuuliza."

Sifundishi tena. Kila Jumapili baada ya sala, mimi na Neema tunakwenda Al Baraha, tunauliza duka kwa duka. Hatujampata yeye wala wale wasichana.

Wasomaji wenzangu, kama umemwahidi mtu kwamba utasimama naye, simama hata kama miguu inatetemeka, hata kama wanaopiga kelele ni rafiki zako na wana haki ya kupiga. Usifanye kama mimi. Mimi nilisubiri watu watulie kwanza... na wasichana wanne wakapanda gari.