Friza ya Rangi Mbili

Fundi huyu walimwita Rangi Mbili. Akipaka ukuta wa mtu, nusu ya rangi ilienda ukutani, nusu kwenye suruali yake. Yeye mwenyewe alicheka, na jina likamkaa. Aliishi na mkewe, binti yao, na mama yake mzazi ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi.

Bibi alikuwa na kisukari. Kila asubuhi alijidunga dawa yake, halafu akanywa chai. Kisha alivuta kiti mpaka dirishani, akapigwa na upepo na kuwasema wapita njia. Bila dawa ile, Bibi hayupo. Rangi Mbili alilijua hilo, na lilimkosesha raha.

Mwaka ule redio ilitangaza kwamba mvua kubwa zinakuja. Umeme ungeweza kukatika, na maji pia. Daraja la kwenda zahanati lilikuwa bovu. Watu wakaambiwa wajiandae mapema. Rangi Mbili hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Aliuza friji yao ndogo akanunua friza, dude kubwa ambalo halikupata pa kukaa ila mbele ya dirisha. Kiti cha Bibi kikasukumwa pembeni. Friza ikajazwa nyama, kuku na samaki. Maji akayaweka kwenye ndoo kuukuu za rangi, maana ndoo za rangi ndizo mali ya fundi rangi. Mkewe akamuuliza kama wanalisha familia au jeshi. Yeye akamjibu, "Akiba haiozi, mke wangu."

Dawa ya Bibi nayo akaitia ndani ya friza. Alifikiri kwamba kama baridi kidogo huitunza dawa, baridi kali itaitunza zaidi. Kumbe haraka haraka haina baraka.

Mvua zilikuwa bado hazijaanza pale nguzo ya umeme ilipoanguka. Mtaa ukakaa gizani siku kadhaa. Friza ikaanza kuvuja maji mekundu sakafuni. Nyama ikaoza yote, na harufu ikawatoa nje. Akiba ilikuwa imeoza.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Bibi alishikwa na kiu isiyoisha. Alikunywa maji ya ndoo, akalalamika kwamba yananuka rangi, akayanywa tena. Kutwa alikuwa njiani kwenda chooni. Dawa, iliyokwisha kuyeyuka, alijidunga kila siku kama kawaida, lakini alizidi kulegea. Asubuhi moja wakamwita, akafungua macho bila kuwatambua. Rangi Mbili alimlaza kwenye mkokoteni wake wa kubebea ngazi, akausukuma mbio kuvuka daraja hadi zahanati.

Nesi wa zamu alikuwa jirani yao, mwanamke asiyepakapaka maneno. Alimpima Bibi sukari, akakunja uso. Walipokwisha kumtundikia dripu, akamgeukia Rangi Mbili.

"Dawa ya mama mliiweka wapi?"

"Kwenye friza," akasema. "Sehemu yenye baridi kuliko zote."

Nesi akamweleza. "Dawa hii ikiganda inaharibika. Hata ikiyeyuka, ukaiona kama nzima, haina nguvu tena. Mama alikuwa anajidunga maji, kaka."

Rangi Mbili aliketi sakafuni. "Basi mimi ndiye niliyekaribia kumuua mama yangu."

"Hukujua," Nesi akamwambia. "Kosa ni kutouliza. Leo uliza."

Bibi alipona, ingawa alirudi nyumbani amekonda. Jioni moja Nesi akawatembelea. Alinusa ndoo za rangi akatikisa kichwa. Akawaeleza kwamba chombo kilichobeba rangi, mafuta ya taa au dawa ya wadudu hakiwi tena cha maji ya kunywa, hata ukikisugua mpaka kucha zitoke. Watafute madumu ya vitu vya kula au kunywa, wayaoshe vizuri, wayafunike, na wabadilishe maji mara kwa mara.

Kuhusu chakula, aliwashauri waweke kile wanachokula kila siku na kisichohitaji baridi, kama unga, maharage na chumvi. Wale cha zamani kwanza, kisha waweke kipya mahali pake.

Rangi Mbili akanung'unika kwamba hicho ni chakula cha watu waliokwama. Mkewe akamtazama. "Na sisi tulikwama na nyama yetu," akasema.

"Na dawa?" Bibi aliuliza kutoka pembeni.

Nesi akawaambia waitunze kwenye friji, lakini isiguse barafu. Umeme ukikatika, wachukue chungu kidogo wakitie ndani ya kikubwa. Kati ya vyungu hivyo wajaze mchanga na kuulowesha asubuhi na jioni. Dawa ikae ndani, kwenye kopo kavu lenye mfuniko, na juu wafunike kitambaa kibichi. Chungu kiwekwe kivulini, penye upepo.

"Haitakaa humo mwaka mzima," alisema. "Lakini itavuka siku mbaya. Na mje zahanati kuchukua ya akiba kabla ya mvua, si baada."

Nyumba nzima ikalitazama dirisha. Upepo ulikuwa pale tu, nyuma ya friza.

Wiki hiyo hiyo Rangi Mbili akaibadilisha friza kwa friji ndogo. Ndoo za rangi zikarudi kwenye kazi yake, na dawa ya akiba akaifuata zahanati. Binti akajaza madumu, mkewe akapanga makopo ya unga na maharage. Kiti cha Bibi kikarudi dirishani, na vyungu viwili vikawekwa karibu na miguu yake. Bibi akasema nyumba imekuwa kubwa.

Mvua zikaja kweli. Umeme ukaondoka, bomba likakauka. Daraja likabebwa na mto. Watu wakashinda na njaa huku vyakula vyao vikioza. Kwa Rangi Mbili walikula maharage, wakalala mapema, na dumu moja la maji wakampa jirani mwenye mtoto mchanga. Kila asubuhi Bibi alijidunga dawa kutoka kwenye chungu.

Nesi naye alikuwa amekwama upande wao wa mto. Akaja na matope hadi magotini, akampima Bibi. "Sukari iko vizuri," akasema. Rangi Mbili akageukia ukuta na kulia.

Bibi alikuwa anatazama nje, pale daraja lilipokuwa.

"Mwanangu," akasema, "leo mkokoteni wako ungenipeleka wapi?"

Rangi Mbili alijifuta uso, akachota maji kidogo, akapiga magoti na kulowesha mchanga wa chungu.