Kengele ya Macho

Habari hii ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Msimulizi wake ameapa mbele ya darasa la sita zima: chumvi kidogo ataitia, maana hadithi isiyo na chumvi hailiki, lakini uongo, hata wa ukubwa wa chawa, haumo. Akikamatwa na uongo mmoja tu, atafuta mbao za madarasa yote saba mpaka muhula uishe.

Palikuwa na msichana wa darasa la sita aliyeingia shuleni kila asubuhi na swali mdomoni. Mbona kivuli cha asubuhi ni kirefu? Mbona chaki hulia ubaoni? Wenzake wakamwita Mbona, na jina la nyumbani likasahaulika. Dawatini alikaa na rafiki yake kipenzi, aliyezaliwa hasikii. Huyo naye walimwita Macho, kwa sababu hakuna jambo lililompita bila kuliona. Wawili hao waliongea kwa lugha ya alama, mikono ikienda mbio kama ya mshona vikapu.

Kengele ya Macho ilikuwa kiwiko cha Mbona. Kengele ya shule ikilia, Mbona alimgusa ubavuni. Lakini Macho alipenda kujisomea maktaba peke yake wakati wa mapumziko, na huko hakukuwa na kiwiko. Mara nyingi aliinua kichwa akakuta uwanja mtupu, wenzake wameshaingia darasani.

Siku moja mwalimu wa sayansi alileta kitu kidogo kama kadi ya kuchezea, nyaya na vyuma vyake vyote viko wazi.

“Hii ni kompyuta,” alisema.

“Mbona imevuliwa nguo?” Mbona akauliza.

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka. “Ndivyo ilivyo. Ni kompyuta ya ubao mmoja. Ukiiunganisha na taa, kisha ukaiandikia programu, itawasha taa saa unayoitaka.”

Mbona akamgeukia Macho. Macho alikuwa ameshamsoma usoni. “Taa maktaba,” alisema kwa mikono, na kutabasamu.

“Basi kazi ni yako,” mwalimu alimwambia Mbona. “Kwanza chagua mazingira ya kuandikia programu. Hayo ni kama karakana: kuna yenye vifaa mia, kuna yenye nyundo na misumari tu. Humu nimeweka matatu. Yajaribu yote.”

Mbona akachukua daftari. Alizipa karakana zote tatu kazi moja: taa iwake na kuzimika mara kumi.

Ya kwanza ilikuwa ya vipande vya rangi vinavyovutwa na kuunganishwa, kila kipande kimeandikwa Kiswahili: “saa ikifika,” “washa taa.” Dakika tano, kazi ikaisha. Ya pili ilikuwa ukurasa mweupe wa kuandika mistari ya maagizo ya kigeni. Alikosea mara nne, na kila mara ikamwonyesha mstari aliokosea. Ya tatu, ambayo kaka yake wa sekondari aliisifu kwamba ndiyo ya wahandisi, ilikuwa na madirisha mengi kama hoteli. Mbona aliifungua, akasubiri. Akala karanga, mfuko ukaisha. Kompyuta ikapata joto, mshale kwenye skrini ukaganda.

Akaandika daftarini: “Mzigo wa lori, mgongo wa panya.” Akaifuta ile ya tatu.

Zikabaki mbili. Jioni akamweleza kaka yake.

“Vipande vya rangi?” kaka yake alisema. “Hivyo ni vya chekechea, mdogo wangu. Utapewa na uji pia?”

Maneno hayo yalimchoma Mbona kuliko alivyoonyesha. Akachagua ukurasa mweupe. Wiki mbili alihangaika, na siku ya kumi na nne taa nyekundu ya maktaba iliwaka sawasawa na kengele. Macho aliiona, akafunga kitabu, akaingia darasani wa kwanza, kichwa juu kama jogoo.

“Saa za kengele hubadilika wakati wa mitihani,” mwalimu alimkumbusha Mbona. “Umemwonyesha Babu Kengele jinsi ya kuzibadilisha?”

Babu Kengele ndiye mpiga kengele wa shule, mstaafu aliyejifundisha mwenyewe kutengeneza redio, saa na baiskeli. Mbona alikuwa hajamwonyesha chochote. Alipenda kuwa yeye peke yake ndiye anayeielewa programu ile.

“Ndiyo, mwalimu,” alijibu.

Wiki ya mitihani ikafika, na homa ikamfikia Mbona. Alilala nyumbani, paji la uso moto wa kukaangia yai. Siku hiyo mapumziko yalikatwa: badala ya kuisha saa nne na nusu, yaliisha saa nne kamili, na mtihani wa hesabu ukaanza. Taa ya maktaba haikuwaka. Babu Kengele, ambaye hakuwahi kuigusa programu ile hata kwa ncha ya kidole, alisahau kabisa kwamba Macho yuko ndani. Macho alikuja kuinua kichwa saa nne na dakika arobaini. Kwenye mtihani wa saa moja, zilibaki dakika ishirini.

Mbona alirudi shuleni kesho yake, akaelezwa yaliyompata Macho. Alianza kusema kwa mikono, “Pole, nilikuwa mgonjwa.” Macho akafumba macho. Mbona alisimama, mikono hewani. Mtu asiyesikia akifumba macho, hakuna neno linaloweza kumfikia.

Aliona bora homa. Akaenda moja kwa moja ofisini.

“Mwalimu, nilikudanganya. Babu sikumwonyesha.”

Mwalimu aliweka kalamu chini. “Mbona?” aliuliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

“Nilitaka nionekane fundi.”

Walimwita Babu Kengele. Mbona alimwamkia, akamwomba msamaha, kisha akamfungulia ile programu. Babu alisogeza miwani.

“Hapa pameandikwa kumi na nusu,” alisema. “Mimi saa kumi na nusu niko nyumbani nakunywa chai. Saa nne iko wapi?”

“Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, babu. Kumi yake ndiyo nne yetu.”

“Na haya mengine?”

Mbona aliitazama mistari yake. Aliizoea yeye tu. “Mbona hukuniuliza siku zote hizi?”

“Ningeuliza, ungeniona mjinga.”

“Na mimi nisingekujibu vizuri,” Mbona alikiri.

Mchana ule alirudi kwenye vipande vya rangi. Alitengeneza kipande cha kuongeza saa sita, ili Babu aandike nne na kompyuta yenyewe ielewe kumi. Kisha akamkalisha Babu kwenye kiti, yeye akasimama pembeni, mikono nyuma, asiguse kitu. Babu alivuta kipande, kikamponyoka, akakivuta tena. Akaandika saa tisa na robo. Saa tisa na robo, taa ikawaka.

Macho alikuwa mlangoni, anatazama yote.

Mwalimu alizungumza na mwalimu mkuu, na Macho akaandaliwa maswali mapya ya hesabu wiki iliyofuata. Kisha mwalimu akawaambia wote, taratibu, Mbona akitafsiri kwa mikono: “Chombo kizuri si kile kinachokufanya uonekane fundi. Ni kile atakachokiweza yule utakayemwachia. Na ukiulizwa kama umefanya, ‘bado’ ya kweli ni bora kuliko ‘ndiyo’ ya uongo. ‘Bado’ hurekebishwa kesho. ‘Ndiyo’ ya uongo humsubirisha mwenzako maktaba.”

Hapo hadithi ingeisha. Lakini msimulizi alipomaliza kuisoma mbele ya darasa la sita, mkono ulinyooka dawati la mbele. Ulikuwa wa Macho. Alisema kwa alama, na Mbona akatafsiri:

“Macho anauliza: kama Babu Kengele hakuigusa programu, mbona taa haikuwaka hata saa nne na nusu, saa yake ya zamani?”

Msimulizi akakohoa. Akafuta miwani, ingawa ilikuwa safi.

“Jibu ninalo tangu siku ile,” Mbona akaongeza, akifungua daftari. “Nilinyamaza kwa heshima. Juu kabisa ya programu yangu nilikuta mstari ambao sikuuandika mimi: ‘Tafadhali mwanangu, leo uwake saa nne kamili. Asante.’ Ndio ulioizima programu yote.”

Darasa likaangua kicheko, mpaka mwalimu akageukia ukutani kuficha chake. Msimulizi, ambaye pia ndiye mpiga kengele, akakunja karatasi zake.

“Niliiomba kwa adabu,” alisema. “Na nikaona haya kusema. Pole, Macho.” Neno hilo la mwisho alilisema kwa mkono, kama alivyofundishwa.

Jioni hiyo mbao za madarasa sita zilikuwa zimeshafutwa. Katika la saba, Babu Kengele alishusha kitambaa, nywele nyeupe zaidi kwa chaki, akageuka aondoke. Macho alikuwa amesimama mlangoni, akimwonyesha kwa kidole pembe ya ubao aliyoiruka.