Bendi Mbili, Harusi Moja

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1925. Rozálie Ryšánková alikuwa jikoni akimnyonyoa bata bukini. Mumewe, Metoděj, alikaa kando ya jiko akisoma gazeti la Chama cha Wakulima, gazeti ambalo lilikubaliana naye katika kila jambo. Binti yao, Apolena, alikuwa akishona pindo la gauni lake la harusi, akiivuta sindano kana kwamba ndiyo yenye kosa.

Kijiji chetu cha Třešňov kilikuwa na kanisa moja. Vitu vingine vyote vilikuwa viwili viwili: kumbi mbili, vilabu viwili vya mazoezi ya viungo, bendi mbili. Zamani bendi ilikuwa moja. Siasa ilipoingia, Wakulima waliondoka na matarumbeta na ngoma. Wasoshalisti wakabaki na klarineti na tarumbeta kubwa la besi. Tangu siku hiyo hakuna bendi iliyomaliza wimbo bila wasikilizaji kuulizana ulikuwa wimbo gani.

Apolena alichumbiwa na Vendelín, mwana wa Florián Skoumal. Mzee Skoumal alikuwa mchoma matofali, na Msoshalisti tangu ujana wake. Vendelín alipata kazi ya reli huko Slovakia, aianze tarehe mosi Desemba. Kazi hiyo ilikuwa na nyumba, lakini nyumba alipewa mwenye cheti cha ndoa tu. Majilio, yale majuma ya kuingojea Krismasi, nayo yalikuwa yanaanza tarehe ishirini na tisa Novemba, na ndani ya Majilio padri wetu hafungishi ndoa. Kwa hiyo harusi ilipangwa Jumanne, tarehe ishirini na nne.

Tatizo lilikuwa bendi. "Binti yangu hataingia kanisani nyuma ya klarineti za Wasoshalisti," alisema Metoděj. Skoumal alisema vivyo hivyo kuhusu mwanawe na matarumbeta ya Wakulima. Mwishowe wazee hao waliapa kwamba chama kitakachoshinda uchaguzi wa Bunge, tarehe kumi na tano, ndicho kitakachotoa bendi na ukumbi. Kila mmoja aliondoka akiamini amemzidi mwenzake akili.

"Na asiposhinda mtu, Baba?" aliuliza Apolena.

"Uchaguzi ni uchaguzi, mwanangu. Lazima mtu ashinde."

Mlango ulibishwa. Aliingia Bi Hedvika, mkuu wa posta na mjumbe wa tume ya uchaguzi, akiwa na furushi la karatasi.

"Hizi ni karatasi za vyama vyote," alisema. "Kila mpiga kura achague moja. Jumapili mtapewa bahasha kituoni. Mtaingia nyuma ya pazia na kuitia hiyo moja."

"Mimi nitatia mbili," alisema Rozálie. "Moja ya mume wangu, moja ya mzee Skoumal. Nipate amani."

"Hutapata amani, mama. Utapata kura iliyoharibika. Bahasha moja, karatasi moja."

"Sasa watu watapatana vipi?"

"Kupatana hakufanywi ndani ya bahasha. Wewe chagua unayemtaka kweli. Kura zikishahesabiwa, waliochaguliwa ndio watakaokaa mezani."

"Rozálie anajua atakayemchagua," alisema Metoděj bila kuinua macho.

"Najua sana," alijibu Rozálie. "Ndiyo maana wameweka pazia."

Jumapili watu walipiga kura. Jumanne iliyofuata Bi Hedvika alibandika matokeo mlangoni pa posta.

"Wakulima wanaongoza," alisoma. "Viti arobaini na tano."

Metoděj alirusha kofia yake juu. "Nimeshinda!"

"Kati ya viti mia tatu," aliendelea Bi Hedvika.

Kofia ilianguka topeni.

"Arobaini na tano!" alicheka Skoumal. "Bwana mkwe, kwa viti hivyo huwezi kutawala hata banda la kuku!"

"Na ninyi je?" aliuliza Metoděj.

"Ishirini na tisa," alisema Bi Hedvika.

Skoumal alianza kuchunguza mawingu.

"Basi nani ameshinda?" aliuliza Apolena.

"Hakuna. Ili kutawala unahitaji zaidi ya nusu ya viti, yaani mia na hamsini na kimoja. Hakuna chama chenye hivyo. Itabidi vyama kadhaa viungane na kuunda serikali ya mseto."

Zilibaki siku saba.

Kesho yake adhuhuri Apolena aliwaita wazee wote wawili jikoni, pamoja na Bi Hedvika. Vendelín alisimama mlangoni. Apolena aliweka karatasi na kalamu mezani.

"Bi Hedvika, huo mseto unaundwaje?"

"Kila chama kinasema jambo ambalo hakiwezi kuliacha na lile ambalo kinaweza kuliacha. Kisha wanagawana kazi. Wanaandika, wanatia sahihi. Anayetaka vyote anabaki nje."

"Mimi siwezi kuacha bendi," alisema Metoděj.

"Wala mimi," alisema Skoumal.

"Arobaini na tano na ishirini na tisa," alisema Apolena, "ni sabini na nne. Hata mkiungana hamtoshi. Mnahitaji chama cha tatu."

Wazee walitazamana.

"Chama cha tatu ni mimi," alisema Rozálie kutoka kando ya jiko, kisu mkononi. "Nina bata bukini sita, unga, na pombe yote ya plamu. Bila mimi mtacheza na njaa. Sharti langu ni moja. Bendi iwe moja."

"Hivyo ni vitisho, mke wangu," alisema Metoděj.

"Hayo ni mazungumzo," alisema Bi Hedvika.

Waliandika hadi saa kumi. Ukumbi ni wa Wasoshalisti, kwa kuwa jiko lake halitoi moshi. Mpiga ngoma, Mkulima, ndiye atakayeongoza bendi. Wimbo wa kwenda kanisani atauchagua Metoděj, na polka ya kwanza ya kucheza ukumbini ataichagua Skoumal. Siasa ni marufuku hadi sahani ziondolewe.

Jumamosi bendi zilifanya mazoezi pamoja. Majirani walitoka nje kusikiliza. Ilibainika kwamba ule ulikuwa wimbo, na kwamba baadhi yao walikuwa wameupenda miaka mingi.

Jumanne Apolena na Vendelín walifunga ndoa. Wakwe wawili walicheza polka na wake zao, kisha, pombe ilipopungua, walicheza wenyewe kwa wenyewe. Bendi haikugawanyika tena. Tarehe mosi Desemba Vendelín alifika Slovakia na cheti chake, akapewa ufunguo wa nyumba.

Tarehe tisa Desemba Bi Hedvika alibandika habari nyingine: serikali imeundwa huko Praha, mji mkuu. Wakulima na Wasoshalisti walikuwa ndani yake pamoja, na vyama vingine.

Skoumal alihesabu kwa vidole. "Siku ishirini na nne! Walikuwa wakifanya nini muda wote huo?"

"Usiwalaumu, bwana mkwe," alisema Metoděj. "Hawana Rozálie."